Vioo vya kabati la jikoni: siki si dawa ya mafuta. Njooni tuelekezane

Binti wa Kigamboni (mleta mada)

Habari zenu wanajamvi.

Kila anayeuliza namna ya kusafisha milango ya kioo ya kabati la jikoni hujibiwa neno moja: siki. Mimi pia nilijibiwa hivyo. Nikanunua chupa baada ya chupa, na vioo vyangu viwili vilivyo karibu na jiko vikabaki na utando wa manjano unaonata kidoleni. Leo naomba tulizungumze jambo hili kwa kina, maana siki ni kitu kizuri sana ila imebebeshwa kazi isiyo yake.

Kabati zangu za juu zina milango sita ya kioo chenye fremu za alumini. Nilivitaka vioo hivi kwa moyo wangu wote. Mama alikuwa na kabati la vyombo la mninga, vioo vya kusukuma, na kila Jumamosi tulikuwa tunavifuta mpaka sahani zake za maua zinaonekana kama hakuna kitu kilichozizuia. Nikajiapiza kwamba nikijenga, nami nitakuwa nacho. Ila kabati la mama lilikuwa sebuleni. Langu liko hatua mbili kutoka kwenye karai la mafuta.

Ukikaanga samaki au maandazi, mafuta yako kwenye nyuzijoto 170 hadi 190 hivi. Maji yaliyomo ndani ya samaki yanageuka mvuke ghafla na kurusha vitone vya mafuta vidogo mno, vingine huvioni kwa macho. Vinapanda na mvuke mpaka vikutane na kitu cha baridi. Kioo ni cha baridi, vinatua hapo. Wiki ya kwanza ni mafuta tu, sabuni kidogo inayaondoa. Yakikaa miezi, yanashikana na hewa, yanakuwa mazito kama gundi, halafu vumbi nalo linaganda juu yake. Wanaopikia alizeti wataona utando huo unawahi kunata kuliko wa mawese au mafuta ya nazi. Alizeti huanza kukauka na kuganda likikaa hewani, kama yanavyofanya, kwa kasi zaidi, mafuta ya kitani yanayochanganywa kwenye rangi za mbao. Mawese na nazi hayana tabia hiyo. Sisemi tuache alizeti, hata mimi ndiyo ninayopikia. Ni kwamba kioo chake hakitaki kusubiri mwezi.

Sasa makosa yangu, msije mkayarudia.

La kwanza, nilichanganya siki na beking soda nikaona povu linafuka, nikadhani kazi inafanyika. Shemeji yangu anafundisha kemia sekondari, akanieleza taratibu: siki ni asidi, beking soda ni alkali. Ukizikutanisha zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Povu lile ni hewa ya ukaa tu, na kinachobaki kwenye beseni ni maji yenye chumvi fulani isiyosafisha chochote cha maana. Kila moja ikitumika peke yake ina nguvu. Pamoja zote mbili zimepotea.

La pili ndilo linaloniuma hadi leo. Jirani aliniambia nitumie magadi, haya ya kupikia maharage. Nikayayeyusha kwenye maji ya moto, nikapaka mlango mzima. Mafuta yalitoka, siwezi kukataa. Lakini maji yale yalishuka kwenye fremu, nikaenda kumnyonyesha mtoto, niliporudi alumini imepata mabaka ya kijivu. Sijapata kitu cha kuyaondoa. Magadi na beking soda watu wanaviita ndugu, na kweli ni ukoo mmoja, ila magadi ni makali zaidi sana. Alumini haiyavumilii, na vanishi ya mbao pia.

Baada ya hapo nikaacha kubahatisha, nikaanza kuuliza: uchafu huu ni upi?

Dondosha tone la maji kwenye kioo. Likijikunja kama ushanga, hapo kuna mafuta. Likitandaa, na sehemu hiyo ikaonekana safi ikiwa bado mbichi, halafu weupe ukarudi likikauka, basi ni chokaa ya maji au kioo chenyewe kimechakaa kwa mikwaruzo. Kuzitenganisha hizo mbili, bandika kitambaa kilicholowa siki kwa dakika 10. Chokaa itapungua au itaisha. Mkwaruzo utabaki kama ulivyo, na hapo acha kujichosha.

Sisi tunaotumia maji ya visima huku pwani, chokaa tunayo. Unafuta kioo kizuri kabisa, kikikauka kina vidoadoa vyeupe, unadhani hujafuta. Hapo ndipo kwenye kazi halali ya siki: inakula chokaa. Siki nyingi za dukani zina asidi kama 4 au 5 kwa mia, inatosha. Mafuta yaliyoganda hayashtushwi na siki hata ukimimina lita nzima. Dawa yake ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ile iliyo pembeni ya sinki, kwa sababu sabuni upande mmoja inashika mafuta na upande mwingine inashika maji, inayabeba yote.

Ninavyofanya sasa hivi:

Maji vuguvugu lita moja na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji. Msizidishe sabuni, ikizidi ndiyo inayoacha michirizi. Maji yasiwe ya kuchemka, kioo cha kawaida kikiwa baridi kinaweza kupasuka. Nachovya kitambaa, nakikamua kisidondoke, nakitandaza juu ya kioo kama ninavyofunika unga wa maandazi, naacha dakika 5. Hizo dakika 5 ndizo zinazofanya kazi kuliko mkono wangu. Kisha nafuta kutoka juu kwenda chini. Pakibaki panaponata, nachukua vijiko viwili vya beking soda na maji kidogo iwe uji mzito, napaka hapo hapo tu kwa kitambaa laini, nazungusha polepole, nafuta mara moja. Halafu maji matupu, kitambaa kingine. Siki inakuja mwisho kabisa, nusu siki nusu maji, nalowesha kitambaa nacho, napitisha, nakausha papo hapo.

Upande wa nje nakausha kwa mistari ya kulala, kushoto kwenda kulia, upande wa ndani kwa mistari ya kusimama, juu kwenda chini. Mchirizi ukionekana, najua mara moja uko upande gani.

Karibuni, na mnaojua zaidi mnisahihishe.

---

kibwana_86

Nimekaa kitako. Mke wangu alinikabidhi kazi hii Jumapili iliyopita nikaifanya kwa siki peke yake, matokeo ndiyo hayo uliyosema.

---

Mama Makorora

Mwanangu, shukrani kwa kutuandikia kwa urefu. Ila mimi niko Tanga hapa, natumia siki mwaka wa kumi na vioo vyangu vinang'aa. Kwa hiyo kusema siki haitoi mafuta, hapo sijaridhika.

---

Binti wa Kigamboni

Shikamoo mama. Naomba nikuulize mawili. Kabati lako liko umbali gani na jiko, na unafuta mara ngapi?

---

Mama Makorora

Marahaba. Liko ukuta wa pili, ng'ambo ya dirisha. Nafuta kila Ijumaa asubuhi.

---

Binti wa Kigamboni

Basi nadhani tumepata jibu, mama. Kwako mafuta hayafiki kwa wingi, na yanayofika hayamalizi wiki. Kitambaa chenye maji tu kingeyabeba sehemu kubwa. Siki inakuondolea matone meupe, ndiyo maana unaona kinang'aa. Kwangu mimi kioo kiko karibu na jiko na nilikiacha miezi mitatu. Kama una mlango mmoja wenye utando wa zamani, jaribu nusu kwa siki na nusu kwa sabuni, utuambie. Nitafurahi hata nikikosolewa.

---

Mama Makorora

Uko wa stoo, tulikuwa tunapikia huko zamani. Nitajaribu.

---

Fundi wa Vioo na Alumini

Mleta mada umeeleza vizuri. Mimi nafunga kabati hizi kila wiki, niongeze ya upande wetu, maana simu nyingi ninazopigiwa ni za vitu vilivyoharibiwa na usafi.

Alumini ina ngozi nyembamba sana inayoilinda. Magadi yanaiyeyusha ile ngozi, ndiyo mabaka yako hayo, dada. Hayatoki kwa kufuta. Fremu zilizopakwa rangi ya unga kiwandani zinavumilia kuliko zile zenye rangi ya fedha asilia, lakini nazo usizijaribu. Siki ikipita na kufutwa haina neno. Siki iliyoachwa imetuama kwenye kona usiku kucha, au ndimu, nayo huacha alama.

Jambo la pili: msipulizie dawa moja kwa moja kwenye kioo. Pulizia kwenye kitambaa. Maji yakishuka kwenye kioo yanaingia kwenye mfereji wa fremu, yanakaa nyuma ya raba, huyaoni. Kama fremu ni ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, inavimba kama mkate uliodondoka kwenye chai, na MDF ikishavimba hairudi. Mteja anasema fundi kaweka mbao mbovu, kumbe ni chupa ya kupulizia.

La tatu, jueni kioo mlichonacho:

Kuna kilichopakwa rangi kwa nyuma, ukifungua mlango unaikuta rangi upande wa ndani. Huo upande ufute kwa kitambaa chenye unyevu tu. Ukisugua kwa uji wa beking soda, rangi inabanduka, na kutoka mbele unaona madoa meusi.

Kuna kilichobandikwa karatasi ya plastiki ili kisionyeshe vyombo. Ukipitisha kucha pembeni utausikia ukingo wa karatasi. Hicho usikipe spiriti wala wembe.

Halafu kuna ambacho si kioo kabisa, ni plastiki ngumu inayofanana na kioo. Gonga kwa kucha: kioo kinalia kwa sauti kali, plastiki inatoa sauti nzito ya chini. Plastiki hiyo ukiifuta kwa spiriti au dawa ya vioo yenye amonia inaweza kupata nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Maji na tone la sabuni vinaitosha.

Na kama uchafu ni wa miaka, afadhali mlango utoke. Bawaba nyingi za kisasa zina kibonyezo kwa nyuma, ukikibonyeza mlango unachomoka bila bisibisi. Lazima muwe wawili, mmoja ashikilie. Mlaze juu ya taulo mezani, usiusimamishe kwenye vigae. Kioo kilichoimarishwa kwa moto ni kigumu katikati, ila kona yake ikigonga kigae kinamwagika chote kuwa punje.

---

Dada Saluni

Fundi ubarikiwe. Vya kwangu ni vile vya ukungu, upande mmoja una mparuzo. Kila ninapofuta mafuta, pale nilipofuta panakuwa na baka tofauti na penginepo. Nimefuta hadi nimekata tamaa.

---

Fundi wa Vioo na Alumini

Ule mparuzo ni vishimo vidogo vilivyochongwa kwa asidi au kwa mchanga. Mafuta yanajaza vile vishimo, kioo kinaanza kuonyesha upande wa pili, ndiyo baka lako. Ukifuta sehemu moja tu, unayasukuma mafuta pembeni. Osha kioo kizima kwa wakati mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo, maji vuguvugu na sabuni, na tumia brashi laini badala ya kitambaa ili nywele zake ziingie vishimoni. Brashi ya kuogeshea mtoto inafaa. Kisha suuza mara mbili, kwa sababu sabuni nayo hubaki mle mle. Uji wa beking soda usiuweke huko, punje zinajificha na kuacha weupe.

Nikiweza kuwashauri wanaojenga: huo upande wenye mparuzo uelekezwe ndani ya kabati.

---

Dada Saluni

Yaani mimi nimewekewa mparuzo nje. Sawa, nimejua kwa nini.

---

Mtu wa Kirumba

Niko Mwanza. Nimesoma habari za chokaa nikashangaa, mimi sijawahi kuiona kwenye kioo. Huku kwangu tatizo ni sato wa kukaanga na masizi. Gesi ikiisha tunarudi kwenye mkaa, na jiko wakati mwingine linawashiwa ndani. Vioo vinakuwa vyeusi. Nikifuta kwa kitambaa cha maji vinazidi.

---

Binti wa Kigamboni

Maji ya Ziwa Victoria ni laini, kaka, yana madini machache. Ndiyo maana huijui chokaa, na siki hapo kwako unaweza kuiacha dukani kabisa.

Masizi usiyaanze kwa maji. Ukiyalowesha kabla, yanageuka wino na yanapakaa. Anza kavu: brashi laini au kitambaa kikavu, kutoka juu, kitambaa ukikung'ute nje kila mara. Yakipungua ndipo uje na maji ya sabuni, ukibadilisha maji kila yakiwa meusi. Mimi kwa mlango mmoja wa masizi natumia beseni tatu.

Na naomba nikuseme kwa mapenzi, mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kubwa kuliko vioo. Hewa yake inaua na haina harufu. Fungua dirisha na mlango, au liwe nje.

---

Mtu wa Kirumba

Nimekuelewa dada. Litatoka nje leo hii.

---

mchacharikaji

Kwani si unachanganya tu siki na jiki, unapulizia, dakika mbili kila kitu kimetoka?

---

Binti wa Kigamboni

Naomba sana usifanye hivyo, na yeyote anayesoma hapa asifanye. Jiki ikikutana na siki, ndimu au asidi yoyote inatoa gesi ya klorini. Inachoma macho, koo na mapafu, na jikoni ni pafinyu. Na jiki pamoja na dawa ya vioo yenye amonia inatoa sumu nyingine. Kama mtu ameshachanganya na anasikia harufu kali inayobana kifua, atoke nje kwanza, awatoe watoto, mambo ya kumwaga yaje baadaye.

Tena jiki kazi yake ni kuua vijidudu na kutoa rangi. Mafuta ya kwenye kioo haiyaondoi vizuri kama sabuni.

---

mchacharikaji

Sikujua hilo. Chooni nimekuwa nafanya hivyo hivyo na huwa nakohoa. Asante kwa kunieleza.

---

Bi Mkubwa wa Shangani

Wanangu, amani iwe nanyi. Mimi nina kabati la vyombo la marehemu mama mkwe, mbao za kuchonga, vioo vya zamani vyenye mawimbi kidogo ukivitazama kwa pembeni. Liko Unguja, mji mkongwe, bahari tunaisikia. Kwetu kioo kinavaa chumvi kabla ya kuvaa mafuta. Ukipitisha kidole na kukilamba, ni chumvi kabisa.

Chumvi haitaki dawa. Inataka maji matupu, na inataka yaje kwanza, kabla ya kusugua chochote, maana chembe zake na mchanga wa upepo vikisuguliwa vikavu vinachora kioo. Nalowesha kitambaa kwa maji matamu ya kunywa, nakamua sana, nafuta bila kukandamiza, nakisuuza, narudia. Maji ya kisima siyapeleki pale, kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe na maji yake yana chokaa tele.

Kitambaa changu ni kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama kope. Kanga mpya haifai, ina wanga wa dukani, itakuachia ukungu. Na pindo lenye uzi mgumu nalikata.

Vioo vile vimeshikwa kwa putti ya kizamani. Putti hiyo ni chaki na mafuta ya kitani, kwa hiyo siki siisogezi pembeni, natumia katikati tu, na kwa ncha ya kitambaa iliyoviringishwa kidoleni. Mbao zenyewe zikinata kwa mikono ya watu, napaka mafuta ya nazi matone mawili kwenye kitambaa, nazungusha, mafuta mapya yanalainisha yale makuukuu, halafu nafuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo mno na kukausha hapo hapo. Sabuni nyingi inanyausha vanishi.

---

Binti wa Kigamboni

Shikamoo bibi. Hilo la mafuta mapya kulainisha mafuta makuukuu limenifungua. Nimelijaribu dakika chache zilizopita kwenye kona iliyonata karibu na bawaba, ambapo sabuni peke yake ilikuwa inateleza juu. Nilipaka alizeti kidogo, nikaacha dakika 10, nikaja na sabuni. Imetoka yote.

---

Bi Mkubwa wa Shangani

Marahaba, mwanangu. Na ile gundi ya stika za dukani inatoka hivyo hivyo.

---

kibwana_86

Gazeti je? Mzee wetu alikuwa anafuta vioo vya gari na vya nyumba kwa gazeti lililolowa.

---

Fundi wa Vioo na Alumini

Gazeti linakausha vizuri na haliachi nyuzi. Kwenye fremu nyeupe wino wake unahama, na ukilowa kwenye raba hautoki. Kwa kioo kisicho na fremu nyeupe, endelea nalo.

---

Mama Wawili

Mimi nilikuwa natumia majivu yaliyochekechwa, kama tunavyosugulia sufuria. Yana ubaya gani? Yanatoa mafuta kweli.

---

Binti wa Kigamboni

Yanatoa, kwa sababu maji ya majivu nayo ni alkali, bibi zetu walijua wanachofanya. Shida ni mchanga. Hata ukichekecha, chembe za mchanga zinabaki, na mchanga ni mgumu kuliko kioo. Sufuria haikulaumu kwa mikwaruzo, kioo kinaionyesha kila jua likiingia dirishani. Hivyo hivyo chuma cha kusugulia na upande wa kijani wa sponji. Kwangu mimi kitu cha ukali wa juu kabisa kinachogusa kioo ni beking soda, na kwa kona natumia mswaki laini uliostaafu.

Ukitaka king'ae zaidi baada ya kuwa safi, kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi kwenye maji lita moja, unatikisa, unapitisha kwa kitambaa, unakausha mpaka unga wote uondoke. Ni laini sana. Lakini kioo kiwe kimeshasafishwa mafuta, vinginevyo unapika uji ukutani.

---

Dada Saluni

Na ndimu? Ninazo nyingi uani zinaoza.

---

Binti wa Kigamboni

Ndimu inafanya kazi ya siki, kwa chokaa. Ichuje kwa kitambaa, maana nyama zake na sukari zinaacha michirizi na kuita sisimizi. Na suuza. Kama meza yako ya jikoni ni marumaru au terazo, tandika kitambaa chini, asidi ikidondokea pale inakula mng'ao, hiyo ni chokaa kama chokaa nyingine.

---

Mama Wawili

Tufanyeje visichafuke upesi? Mimi nakaanga vitumbua vya biashara kila alfajiri, kufuta kila siku siwezi.

---

Binti wa Kigamboni

Pole kwa kazi, dada. Kama una uwezo wa kuhamishia jiko la vitumbua karibu na dirisha au barazani, hilo litapunguza zaidi ya dawa zote tulizotaja. Samaki na kuku wakaushe maji kwa kitambaa kabla hawajaingia kwenye mafuta, maji ndiyo yanayorusha. Mafuta yakianza kutoa moshi, punguza moto, moshi ule nao unaongeza utando wa manjano. Na kila unapozima jiko, kabla mlango wa kabati haujapoa, pitisha kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo kwa ile milango miwili ya karibu. Mimi inanichukua muda wa chai kuchemka. Milango minne ya mbali nafuta mara moja kwa wiki mbili.

Msaidizi wako wa nyumbani akifanya kazi hiyo, mpe stuli imara isiyotikisika na umweleze kwa nini magadi hayagusi fremu. Usimwachie tu chupa ya siki.

---

Mama Makorora

Nimerudi na majibu. Mlango wa stoo, nimeugawa katikati kwa utepe. Kushoto siki nusu na maji nusu. Kulia maji vuguvugu na sabuni, kitambaa kimetandazwa dakika 5 kama ulivyosema.

Kushoto nimefuta mpaka bega limeuma, bado kidole kinanata. Kulia kitambaa kilitoka na rangi ya chai ya maziwa, na maji yakitandaa hayajikunji. Kwa hiyo kwenye mafuta nimekubali.

Lakini na mimi nina langu. Chini kabisa upande wa kulia, paliporushiwa maji ya ndoo miaka yote, palibaki alama nyeupe kama ramani. Sabuni haikuzigusa. Nilipoweka siki dakika 10 zikaisha, ikabidi nirudie mara moja tu pale palipokuwa pazito.

Kando ya raba kumebaki mstari wa manjano. Nimeuachia mswaki na beking soda kesho, kisha nahamia mlango wa juu. Huo atapanda binti yangu, magoti yangu hayaniruhusu stuli tena.

---

Binti wa Kigamboni

Asante sana mama kwa kujaribu kwa haki. Kwenye raba, mafuta ya nazi ya Bi Mkubwa yaanze, mswaki ufuate. Na binti akipanda, tafadhali mshikie stuli.